Mshipa wa Ubongo Unapopasuka, Jua Kila Picha Inatafuta Nini

Mgonjwa aliyepasukiwa na mshipa kichwani anaweza kupigwa picha za ubongo mara nne au tano ndani ya wiki mbili, na ndugu zake ndio wanaozihangaikia: kulipia, kusaini, kusukuma kitanda, kubeba bahasha. Swali linalowakera wengi ni moja. Kama picha ya kwanza ilionyesha damu, upasuaji umeshafanyika, na daktari amesema umekwenda vizuri, hii ya leo ni ya nini tena? Wapo wanaoona wanakamuliwa fedha. Wapo wanaokataa kabisa. Nawaandikia wao, kwa sababu picha ya siku ya saba haitafuti kile kilichotafutwa siku ya kwanza, na kwa mgonjwa huyu siku ya saba inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ukuta wa ateri ya ubongo ukidhoofika mahali fulani, hasa pale mshipa unapogawanyika, hutokeza kifuko ambacho madaktari hukiita anyurizimu. Mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi bila kujua. Kikipasuka, damu humwagika kwa nguvu katika nafasi nyembamba iliyo kati ya ubongo na utando unaoufunika. Hiki nacho ni kiharusi, ila mara nyingi hakiji kama kile tulichokizoea cha mdomo kwenda upande na mkono kulegea. Dalili yake kubwa ni kichwa: maumivu ya ghafla yanayofika kilele ndani ya dakika moja hivi, na mgonjwa husema hajapata kuumwa namna hiyo tangu azaliwe. Pengine hutapika, shingo hukakamaa, macho huchukia mwanga, na wengine huzirai au kushikwa na degedege.

Hapo, kabla hata ya kutafuta gari, tazama saa na uiandike. Usiseme “tangu jana jana hivi”. Andika: kichwa kilianza saa mbili na robo usiku, akiwa anaoga. Saa hiyo ndiyo itakayompa daktari uzito wa kuisoma picha ya kwanza. CT skani iliyopigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine ya kisasa na kusomwa na mtaalamu mzoefu, ni nadra sana kuikosa damu hiyo. Kadiri muda unavyopita damu huchanganyika na maji ya ubongo na kufifia, na baada ya siku kadhaa picha inaweza kuonekana safi ilhali mshipa ulipasuka kweli. Hata upungufu mkubwa wa damu mwilini unaweza kuifanya damu iliyomwagika isionekane vizuri. Kwa hiyo mgonjwa aliyeshinda siku mbili nyumbani akipewa dawa ya malaria na ya presha, kisha CT yake ikatoka safi, bado hajasalimika.

Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kupimwa maji ya uti wa mgongo, na hapa ndipo familia nyingi hugoma. Uvumi wa mitaani unasema sindano ya mgongo inapoozesha. Sindano hiyo huchomwa chini kabisa, karibu na usawa wa nyonga, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na imebaki mishipa ya fahamu inayoelea ndani ya maji. Ikipita saa 12 tangu maumivu yaanze, damu iliyooza ndani ya maji hayo huyapa rangi ya manjano, na rangi hiyo huweza kubaki wiki mbili au zaidi. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya mamilioni. Ukiombwa idhini, itoe.

Damu ikishathibitika, picha ya pili hutafuta mahali palipopasuka. Mgonjwa huchomwa dawa ya rangi inayofanya mishipa ionekane, ama kwa CT ya mishipa, ama kwa angiografia ambapo mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya paja au ya mkono ukasukumwa hadi shingoni. Angiografia ya ubongo ilibuniwa na Mreno Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927, na karibu karne moja baadaye bado ndiyo inayoamua pale picha nyingine zinapobishana. Wewe ndugu una kazi moja kabla ya dawa ya rangi kuchomwa: taja kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo, kama aliwahi kudhurika kwa dawa kama hiyo, na kama anatumia metformini ya kisukari. Usisubiri kuulizwa.

Baada ya hapo kifuko huzibwa. Walter Dandy wa Baltimore alikifunga kwa klipu mwaka 1937, akafungua ukurasa wa upasuaji huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Guido Guglielmi, akiwa Los Angeles, alianza kukijaza kwa koili za platinamu zinazopitishwa ndani ya mshipa bila kufungua fuvu. Ipi inamfaa mgonjwa wako hutegemea umbo la kifuko, mahali kilipo, na nani yupo hospitalini anayeweza kuifanya vizuri. Lililo muhimu ni haraka. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza, na kuvuja tena huua wengi.

Sasa tufike kwenye zile siku ambazo ndugu wengi hudhani wameshavuka mto.

Kuanzia kama siku ya 3 au 4 hadi ya 14 tangu mshipa upasuke, mgonjwa yumo katika hatari nyingine. Damu iliyomwagika nje ya mishipa huanza kuvunjika, na mabaki yake huichokoza mishipa ya ubongo kwa nje hadi ikakaza na kuwa myembamba. Mishipa midogo nayo huharibika, na vidonge vidogo vya damu huweza kujitengeneza ndani yake. Matokeo yake ni sehemu ya ubongo kukosa damu, siku kadhaa baada ya upasuaji uliofanikiwa. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na hali hiyo. Alikuwa anaongea Jumatatu. Alhamisi hataji jina la mwanawe.

Ili kujua picha za siku hizo zinatafuta nini, inafaa kujua ubongo unavyokula. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili hutumia tukiwa tumepumzika, na hauna ghala. Kila gramu 100 za ubongo wa mtu mzima hupitiwa na takribani mililita 50 za damu kwa dakika. Katika damu hiyo, ubongo huchota oksijeni kiasi cha theluthi moja au zaidi kidogo, na kuiacha iliyobaki iende zake. Hiyo ndiyo akiba pekee. Mtiririko ukipungua, seli huchota sehemu kubwa zaidi ya kile kinachopita: nusu, hata zaidi ya theluthi mbili. Kwa muda mgonjwa anaweza asionyeshe dalili yoyote. Mtiririko ukishuka chini ya kama mililita 20, seli huacha kufanya kazi, mkono ukalegea au maneno yakapotea, ingawa seli zenyewe bado zi hai. Ukishuka hadi karibu 10 na kubaki hapo, zinakufa.

Kwa hiyo kuna mambo matatu tofauti: damu inayopita, oksijeni inayochotwa, na oksijeni inayotumika. Picha nyingi za hospitalini huona la kwanza tu. Yote matatu kwa pamoja huonekana kwa mashine ya PET inayotumia oksijeni-15, aina ya oksijeni yenye mionzi ambayo nusu yake hupotea kila baada ya dakika 2 hivi. Kwa uhai mfupi namna hiyo, lazima itengenezwe karibu kabisa na mashine inayompima mgonjwa, na ndiyo maana ni vituo vichache sana duniani vinavyoweza kipimo hiki. Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko St. Louis nchini Marekani, ni kimojawapo, na watafiti wake walikuwa wakiwapima wagonjwa wa anyurizimu kwa oksijeni ya mionzi tangu miaka ya 1970.

Walichokikuta kinastahili kujulikana na kila anayekaa kando ya kitanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, wagonjwa ambao mishipa yao ilikuwa bado haijakaza walionekana kutumia oksijeni pungufu kwa takribani robo, ilhali uchotaji ulikuwa wa kawaida. Maana yake ni kwamba ubongo wao haukuwa na njaa. Pigo la kupasuka lenyewe ndilo lililopunguza kazi, na damu ikapungua kufuata mahitaji. Mishipa ilipokaza, uchotaji ulipanda. Hiyo sasa ilikuwa njaa. Mkulima wa umwagiliaji ataielewa tofauti hii upesi: maji kidogo kwenye mfereji wa shamba lililokwisha kuvunwa si tatizo, lakini maji yale yale kidogo kwenye shamba la mpunga unaochanua ni hasara. Ukiutazama mfereji tu, huwezi kujua unatazama shamba lipi.

Hivyo, mtu akikuonyesha picha yenye rangi ya bluu upande mmoja na kusema “hapa damu haifiki, ubongo umekufa”, usizimie. Mtiririko mdogo peke yake si hukumu ya kifo cha ubongo. Na kinyume chake pia ni kweli: mgonjwa anayeonekana anaendelea vizuri anaweza kuwa anaishi kwa akiba ya mwisho.

Je, utafute PET? Jibu langu ni hapana. Mashine za PET zilizopo Afrika Mashariki, kama ile ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kazi yake kubwa ni saratani, na huko hutumika sukari yenye florini-18 ambayo nusu yake hupotea kila baada ya dakika 110. Hicho ni kipimo kingine kabisa. Atakayekushauri umtoe mgonjwa wa anyurizimu ICU umpeleke PET, mwombe akueleze jibu litabadilisha dawa gani. Hata St. Louis kwenyewe, kipimo hiki kimetumika zaidi kuwafundisha madaktari ugonjwa unavyokwenda kuliko kuamua dawa ya mgonjwa mmoja mmoja.

Tulichonacho ni vitu vya kawaida zaidi, na vikitumika vizuri vinatosha kwa mengi. Kuna Dopla ya kichwani, iliyoanzishwa na Rune Aaslid na wenzake mwaka 1982, inayopima kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti kupitia mfupa wa panja. Mshipa uliobana huongeza kasi ya damu. Kasi ya wastani ikizidi sentimita 120 kwa sekunde katika ateri kubwa ya katikati, madaktari huanza kushuku, na ikipita 200 shaka hupungua sana. Haina mionzi, haina dawa ya rangi, hufanyika kitandani, na yaweza kurudiwa kila siku. Udhaifu wake ni kwamba kasi hupanda pia mtu akiwa na homa au upungufu wa damu, na kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wa makamo na wazee, mfupa wa panja ni mnene hadi mawimbi hayapiti. Ukiambiwa hospitali haina Dopla, uliza kwa heshima kama kliniki ya watoto wenye selimundu inayo. Watoto hao hupimwa kwa kifaa cha aina hiyo hiyo kutafuta hatari ya kiharusi, na mara nyingine wodi mbili za hospitali moja hazijuani zina nini.

Kuna CT ya mtiririko, ambapo dawa ya rangi hupigwa picha mfululizo ikipita kwenye ubongo, na kompyuta hukokotoa kiasi cha damu na muda inaotumia kupita. Hii huonyesha mfereji, haionyeshi shamba. Ila damu inayochelewa sana upande mmoja, kwa mgonjwa aliyebadilika upande wa mwili unaolingana nao, ni ushahidi mzito. Kuna MRI, inayoonyesha vizuri seli ambazo zimeshaumia. Na kuna CT ya kawaida isiyo na dawa yoyote, ambayo naitetea sana, kwa sababu mgonjwa aliyebadilika ghafla siku ya nane huenda hana mshipa uliokaza hata kidogo. Huenda maji yamejaa ubongoni na yanahitaji mrija wa kuyatoa. Huenda amevuja tena. CT ya dakika chache hutenganisha hayo. Chumvi ya damu nayo hushuka sana kwa wagonjwa hawa, na hiyo hujulikana maabara.

Kila mara unapoletewa karatasi ya kipimo, uliza hivi: “Daktari, picha hii inatafuta nini, na jibu likija mtafanya nini tofauti?” Si swali la ukaidi. Daktari mzuri atakujibu kwa sentensi mbili. Kama jibu haliwezi kubadilisha chochote, picha hiyo yaweza kungoja, hasa ikiwa inamaanisha kumpakia mgonjwa kwenye gari la wagonjwa na kumvusha foleni ya mji hadi kituo kingine. Ikibidi kwenda, asitoke bila nesi au daktari anayeweza kumsaidia kupumua, oksijeni na kipima presha, na arudi na CD yenye picha zote pamoja na ripoti. Filamu mbili tatu zilizochapishwa hazimtoshi mpasuaji. Kuhusu safari ya India, ambayo familia nyingi huianzia harambee mara moja: kumpandisha mgonjwa ndege katikati ya wiki hizo mbili ni kumtoa kwenye uangalizi wakati anapouhitaji zaidi. Zungumzeni kwanza na mpasuaji wa ubongo aliye karibu.

Matibabu ya siku hizo huwashangaza ndugu, na mshangao huleta ugomvi. Kabla kifuko hakijazibwa, presha hushushwa kwa uangalifu ili kisivuje tena. Kikishazibwa, na mgonjwa akaanza kukosa damu ubongoni, madaktari huweza kuipandisha presha makusudi ili kusukuma damu kupita pale palipobana. “Jana mliishusha, leo mnaipandisha, mnamjaribia?” Hapana, hawajaribii. Basi msimletee kwa siri vidonge vyake vya presha vya nyumbani. Msimnyime maji mkidhani kichwa kitavimba. Mwili wake unatakiwa uwe na maji ya kutosha.

Dawa iliyothibitika kupunguza ulemavu ni nimodipini. Kipimo cha kawaida ni miligramu 60 kwa mdomo au kwa mrija wa pua kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21. Kwa vidonge vya miligramu 30 hiyo ni 252. Nataja hesabu kwa sababu ndugu wengi hutumwa kununua dawa hii nje ya hospitali, na hununua ya siku tatu, kisha usiku wa nne duka limefungwa. Presha ikishuka sana, daktari anaweza kuigawa iwe miligramu 30 kila saa 2. Asiyekuwa daktari asiipunguze. Dozi ya saa nane usiku ina uzito ule ule wa dozi ya mchana.

Familia pia huitwa kuchangia damu. Hapa kuna somo la uaminifu wa kisayansi. Kule St. Louis, picha za PET zilionyesha kwamba kumwongezea damu mgonjwa mwenye upungufu hupandisha oksijeni inayofika ubongoni. Ilionekana jibu limepatikana. Lakini jaribio kubwa lenye wagonjwa zaidi ya 700 katika Kanada, Australia na Marekani, lililochapishwa mwishoni mwa 2024, halikuthibitisha kwamba kuwaongezea damu mapema huwapunguzia ulemavu baada ya mwaka mmoja. Daktari akiamua kumwongezea au kungoja, ana sababu. Picha iliyopendeza na mtu aliyepona ni mambo mawili.

Na kipimo ambacho hakuna mashine inayokifikia ni wewe uliyemzoea. Daktari wa zamu hamjui mama yako. Hajui kwamba kwa kawaida hujibu salamu kwa utani. Ukiruhusiwa kuingia, mwongeleshe. Mwambie ainue mikono yote miwili. Muulize nani aliyekuja jana. Akichelewa kujibu kuliko asubuhi, akichanganya maneno, mkono mmoja ukishuka, akilala kupita kiasi, mwite nesi wakati huo huo na utaje saa uliyoona. Usiseme amechoka, mwacheni apumzike. Katika siku hizo 14, usingizi usio wa kawaida ni dalili hadi ithibitishwe vinginevyo.

Akitoka hospitalini, kumbukumbu na nguvu zitachukua miezi kurudi, na huenda zisirudi zote. Sigara iishe, presha idhibitiwe. Aliyewekewa koili atarudi kupigwa picha ya mishipa kwa tarehe atakayopangiwa, kwa kuwa koili huweza kujibana na kifuko kikajaa tena. Kama ndugu wawili wa tumbo moja, au mzazi na mtoto, wamepatwa na ugonjwa huu, waliobaki wamuulize daktari kuhusu kuchunguzwa.

Kabla hamjafunga mizigo, ombeni karatasi inayotaja aina ya klipu au koili iliyomo kichwani mwake. Klipu za siku hizi nyingi ni za titani na haziathiriwi na MRI, lakini baadhi ya zile za zamani za chuma huweza kusogezwa na sumaku yake na kuua. Ipigeni picha karatasi hiyo, ihifadhiwe kwenye simu za watu wawili wa familia, na asiingizwe chumba cha MRI, popote pale, kabla mhudumu hajaisoma.